Shayiri Namba Tatu

Carmen Kapinga alizaliwa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa nne wa fundi wa vyuma aliyeletwa kutoka Kasai akiwa bado kijana. Alisomea kilimo. Wasichana wenzake walichagua ushonaji na ukarani. Yeye alirudi nyumbani na matope kwenye viatu vya shule. Baba yake alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Minye nilikimbia jembe kwetu. Sasa mutoto wangu iko nalifuata mpaka huku."

Mwaka wa tisini na mbili, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika mji huo, familia yake ililala miezi mitano kwenye kituo cha treni, ikisubiri mabehewa ambayo hayakufika. Baba alifia pale, juu ya mkeka, kwa ugonjwa wa tumbo. Mama na wadogo wakaondoka kwenda Mwene-Ditu, na Carmen akaenda nao. Baada ya miaka minne alirudi Likasi peke yake. Alipoulizwa sababu, alijibu tu kwamba huko kwa mababu alikuwa mgeni kuliko hapa alipofukuzwa.

Miezi ile ya kituoni ilimwachia tabia ambayo hakuwahi kuiacha. Alikumbuka kwamba kabla ya mawe kurushwa na milango kuvunjwa, jirani mmoja alikuwa ameacha kuwasalimu. Wiki nzima kabla. Hakuna aliyelitilia maanani. Tangu wakati huo Carmen alikuwa mtu wa kutazama vitu vidogo na kuviandika kwenye daftari: siku mvua ilipokatika, jani lililobadilika rangi, mtu aliyepita bila kusema neno.

Alifundisha shule, akafanya kazi katika ofisi ya kilimo iliyokuwa na meza mbili na dari inayovuja, akalima mahindi yake nyuma ya nyumba. Hakuolewa tena baada ya mume wake kufariki. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu siku ile kijana mmoja mwenye viatu safi alipogonga mlango wake.

Jina lake Franck Ilunga, mhandisi wa kilimo kutoka Lubumbashi. Kampuni iliyomtuma ilitaka shayiri ya kutengenezea bia, ilimwe hapahapa, badala ya kuiagiza nchi za mbali na kuisubiri barabarani. Hakuna aliyejua ni aina gani ingekubali udongo na baridi ya Likasi. Alihitaji mtu wa kupanda aina kadhaa kando kwa kando, kuzipima msimu mzima, na mwisho kuandika ripoti yenye sahihi yake.

"Banasema hapa Likasi hakuna mwingine mwenye anaandika kila kitu," Franck alisema.

Carmen alikubali kabla ya kuuliza mshahara. Kwa mara ya kwanza tangu amalize shule, mtu alimwomba afanye kile alichosomea.

Shayiri, ambayo watu wa huku wakiitaja huiita orje, kama Wafaransa, haipendi masika ya Katanga, ukungu huila. Hupandwa mwezi wa tano, mvua ikishakwisha na baridi ikianza, na humwagiliwa mpaka ikomae mwezi wa tisa. Carmen alipata mifuko mitatu kutoka kwa Franck. Namba moja ilitoka Zambia. Namba mbili ilitoka Ulaya. Namba tatu ilikuwa katika mfuko mweupe usio na jina la nchi, wenye tarakimu tu zilizopigwa chapa.

Namba nne aliitafuta mwenyewe. Jirani yake Idriss, dereva wa lori na mwenye duka la sabuni na mafuta karibu na soko, alikuwa na wakwe katika milima ya Lubero, ambako watu hulima shayiri ya uji tangu zamani. Alimletea mbegu ndani ya kofia yake ya sala.

"Hii haina kampuni, mama," Idriss alicheka. "Hii ni ya bibi ya muke wangu."

Carmen alizihesabu mbegu mia moja za kila aina, akazilaza juu ya kitambaa chenye maji, akangoja. Siku ya tatu namba tatu ilikuwa imechipua tisini na nane. Namba nne ilichipua themanini na moja. Akaandika.

Shamba lilikuwa nje ya mji, kwenye mteremko unaoanzia barabara ya mchanga na kuishia kwenye kijito ambacho watu wa pale hukiita Kansonga. Carmen aligawa mteremko mafungu matatu: juu, kati na chini. Katika kila fungu alipanda aina zote nne, kila moja kwenye kitalu chake chenye kigingi cha namba. Vitalu kumi na viwili.

Aliyemsaidia kupanda ni Chiku, mdogo wa Idriss, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kijitoni. Chiku aliuza lengalenga na matembele sokoni, na alifuga kondoo watano. Alimwita Carmen yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Walipofika fungu la chini alisimama na jembe begani.

"Yaya, pale chini tusipande. Ile udongo haiko muzuri."

"Juu ya nini?" Carmen aliuliza, akitaka kujua sababu.

"Siyui. Mama-mukwe wangu alipandaka matembele pale. Mwaka moja ikatoka muzuri sana, majani kubwa-kubwa. Mwaka ya pili ikakufa yote. Ni tangu bale bantu ba kuosha mawe ya shaba bafike kule juu ya mto."

Carmen alichota udongo, akaunusa. Ulikuwa na harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu mkononi. Jioni ile alimpigia Franck simu na kumwomba ahamishe fungu la chini.

"Maman, terrain ya kampuni, ile shamba yote, iko kule chini," Franck alijibu. "Hekta makumi ine. Tukijaribu juu tu, itatusaidia nini?"

Jibu lilikuwa na akili, na Carmen hakuwa na hoja ila harufu. Wakapanda.

Mwezi wa sita baridi ilishuka. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande, na Carmen alitembea vitaluni na koti la marehemu mume wake, rula mkononi. Fungu la juu lilikwenda vizuri, aina zote. Namba nne ilikuwa fupi na yenye mashina magumu. Namba mbili ilikuwa ndefu na ililala ovyo upepo ukipita. Fungu la kati nalo halikuwa na neno. Chini, namba moja ilianza kugeuka njano kutoka kingo za majani kuelekea ndani. Namba mbili ikafuata. Carmen aling'oa mche mmoja: mizizi ilikuwa mifupi na myeusi, kama ufagio uliochomwa moto. Namba nne ilikuwa imetoa majani mawili, ikasimama, kisha ikatoweka kabisa, kitalu kikabaki udongo mtupu na kigingi.

Namba tatu peke yake ilistawi. Tena chini ilistawi kuliko juu. Ilikuwa ya kijani kizito, karibu na bluu, na ilijaza kitalu mpaka udongo usionekane. Franck alipokuja kutazama alipiga picha akiwa amechuchumaa ndani yake.

"Njo hii! Maman, njo hii tulikuwa tunatafuta. Inakula hata udongo mubaya."

Carmen alifungua daftari. Aliandika: *inakula*. Akalitazama neno hilo muda mrefu, akaliacha.

Mwezi wa saba masuke yalipotoka, ndege walikuja. Kila anayelima nafaka huku anajua kazi ya kufukuza ndege, na Chiku aliianza alfajiri, akipiga sufuria kuukuu kwa mti. Wakati wa chai alimwita Carmen.

"Yaya, njoo uone. Uangalie tu, usiseme kitu."

Walikaa kwenye ukingo wa shamba. Kundi la ndege wadogo wa kahawia lilishuka juu ya fungu la juu, Chiku akapiga sufuria, likaruka, likatua fungu la kati, akapiga tena. Likaruka, likalizunguka fungu la chini mara moja, mara mbili, pale ambapo masuke ya namba tatu yalikuwa yamejaa na kuinama. Halikutua. Likavuka kijito na kwenda zake.

"Siku ngapi sasa?" Carmen aliuliza.

"Kila siku. Pale chini minye sipigake hata sufuria."

Wiki ileile maji ya Kansonga yaliamka na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani mabichi. Saa nne yalikuwa yamekuwa safi tena. Kwenye ukingo vyura saba walilala tumbo juu. Carmen aliwahesabu mara mbili. Alipanda na kijito kwa mguu, nusu saa, mpaka akafika kwenye uzio wa mabati na mlinzi aliyemwambia kwa upole kwamba hapo hapapitwi. Nyuma ya uzio alisikia pampu na mawe yakimwagwa. Hakukuwa na bango. Mlinzi hakujua, au hakutaka kujua, mahali hapo ni pa nani.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Carmen mwenyewe hulieleza akiwa ameangalia pembeni.

Katika majaribio ya namna hii, mistari ya pembeni ya kila kitalu haipimwi, kwa sababu inapata jua na nafasi zaidi. Hukatwa. Tangu mwanzo wa mwezi wa saba Carmen alikuwa akiikata ile ya namba tatu, fungu la chini, na kumpa Chiku kwa ajili ya kondoo. Kiangazi hakuna majani. Kondoo wa Chiku walikuwa mbavu tupu. Kwa karibu wiki nane waliishi kwa yale mafungu ya majani mabichi, wakanenepa, na Chiku alimbariki kila jioni. Hata baada ya ndege, hata baada ya vyura, Carmen aliendelea kukata na kufunga. Mikono ilikuwa imezoea. Alikuwa akitazama nafaka, majani hakuyafikiria.

Kondoo wa kwanza alikufa mwisho wa mwezi wa nane. Jioni alikula, asubuhi alisimama peke yake ukutani na kichwa chini, mchana akaanguka. Chiku alidhani ni nyoka. Siku mbili baadaye wa pili akasimama ukutani vilevile. Asani, mume wa Chiku, alimwita Carmen kwa simu.

Carmen alimfungua kondoo kinywa. Ufizi ulikuwa wa njano. Weupe wa macho ulikuwa wa njano. Wakiwa wameinama hapo mnyama akakojoa, na mkojo ulikuwa mwekundu mweusi, kama chai iliyoachwa jikoni kutwa nzima.

"Mumuchinje," Chiku alimwambia mume wake haraka. "Mumuchinje mbele akufe, tusipoteze nyama."

Asani alichukua kisu, akasoma bismillahi, akamchinja. Wakaanza kumchuna. Mafuta yote yalikuwa ya njano. Ini lilikuwa limevimba na rangi yake haikuwa ya ini. Watoto walikuwa wamekusanyika na sahani, maana nyama katika nyumba ile haikuonekana mara nyingi.

"Hapana," Carmen alisema. "Ile nyama musikule."

Asani alimtazama. "Mama, tumemuchinja vizuri. Ni halali."

"Ninajua ni halali, bwana Asani. Ninakuomba. Musikule. Mumuzike." Akalifunika ini kwa ngozi. "Ni minye nilimulisha."

Chiku aliinua uso. Alimtazama Carmen, akatazama lile fungu la majani mabichi lililokuwa bado limefungwa kwa kamba mlangoni pa zizi, na akaelewa. Alilichukua fungu lile, akalitupa nje ya uzio, akanawa mikono. Kisha akasimama akiyatazama maji aliyonawia. Yalitoka kwenye kisima kifupi kilichochimbwa pembeni ya Kansonga.

Kondoo wa tatu alikufa Ijumaa.

Carmen aliweka kipande cha ini katika chupa ya chumvi. Alikusanya nafaka za namba tatu kutoka mafungu yote matatu, kila moja katika bahasha yake, na majani, na udongo, na chupa ya maji. Idriss aliondoka navyo vyote alfajiri kwenda Lubumbashi, kwenye maabara ambako binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa Carmen zamani alifanya kazi. Aliitwa Emmanuella. Siku kumi zikapita. Carmen alivuna, akapura, akapima. Namba tatu ilishinda zote kwa mbali.

Simu ililia akiwa sokoni.

"Mwalimu," Emmanuella alisema, "hii orje ya bahasha ya tatu mulitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Kuko bantu bamesha kuikula?"

Carmen alikaa kwenye gunia la mkaa la mtu asiyemjua. Emmanuella alimsomea. Nafaka ya fungu la juu ilikuwa safi. Ya kati ilikuwa na kasoro kidogo. Ya chini ilikuwa na madini ya risasi na kobalti mara nyingi kupita kiasi ambacho mtu anaweza kula, na majani yake yalijaa shaba. Ini la kondoo lilijaa shaba hadi kipimo kikarudiwa mara tatu. Namba moja, mbili na nne zilikuwa zimekataa udongo ule zikafa. Namba tatu ilikuwa imeunywa.

"Na mayi?" Carmen aliuliza, akikumbuka ile chupa ya maji.

"Mayi mulichota siku gani?"

"Siku mayi ilikuwa safi."

"Basi tusiamini ile," Emmanuella alisema. "Sumu inapita kwa saa yake. Udongo njo unakumbuka."

Franck alikuja na gari jipya na ripoti tayari imechapwa. Aliiweka juu ya meza ya Carmen, kando ya sahani ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na jedwali moja: aina nne, na mbele ya kila aina kipimo kimoja tu. Alikuwa amejumlisha mafungu matatu na kuyagawa, akatoa wastani. Namba tatu ilikaa juu kabisa.

"Fungu la chini liko wapi?" Carmen aliuliza.

"Liko ndani. Ni moyenne, maman."

"Moyenne imelizika."

Franck alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Carmen husisitiza jambo hilo kila anapoeleza. Alikuwa na watoto wawili na wakubwa waliomngoja. Alisoma karatasi ya Emmanuella mpaka mwisho, akairudisha.

"Hii ni orje ya bia. Hakuna mutu atakula bukari ya orje hapa."

"Na machicha? Wakishatoa bia, yale machicha wanapeleka wapi?"

Franck alivaa miwani yake tena. Wote wawili walijua: machicha ya bia huuzwa kwa wafugaji, na katika miaka ya njaa hayaishii kwa nguruwe.

"Na wale wenye watalima? Watachota mayi wapi? Wataosha batoto na nini?"

"Maman Carmen, écoutez, munisikie. Terrain imeisha kuchukuliwa. Mimi sina nguvu ya kuihamisha. Weka sahihi, na mwaka kesho weye njo utasimamia yote. Usipoweka, watatafuta mwingine."

"Wamutafute."

Alisema hivyo akamrudishia ripoti. Kazi aliyoingoja miaka thelathini ilitoka mlangoni na viatu safi. Franck aliingia kwenye gari akaondoka.

Carmen aliandika ripoti yake mwenyewe kwa mkono, kurasa kumi na nne, kila fungu na jedwali lake. Nakala moja aliipeleka kwa kampuni, moja katika ofisi ya kilimo, moja kwa chifu wa eneo. Katika ofisi walimgongea muhuri wa kupokea. Chifu aliwaita watu wa bonde, watu kama sitini, na Carmen akasimama mbele yao na masuke mkononi akawaeleza kwamba mmea uliopendeza kuliko yote ndio wa kuogopwa, na ile iliyokufa ilikuwa inawaambia ukweli.

Wengine walisikiliza. Mzee mmoja aliuliza kama basi wale wanaoosha mawe wataondoka. Carmen alisema hajui. Kisha mwanaume mmoja nyuma, ambaye alikuwa ameahidiwa kazi ya trekta, alisema kwa sauti ya utulivu kabisa:

"Ule mama ni mutu wa Kasai. Kila pahali bantu banaanza kupata kitu, bao banakuja kuharibu."

Hakuna aliyeitikia, lakini hakuna aliyemkemea. Carmen alimkumbuka yule jirani aliyeacha kuwasalimu. Chiku ndiye aliyesimama. Hakuwa na hotuba. Alisema alikuwa na kondoo watano na sasa ana wawili, na kwamba yule mama angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua ni yeye aliyewalisha. Akakaa.

Kabla ya Krismasi, Chiku na familia nne walihamisha bustani zao juu, karibu na barabara, na Idriss akawa anawaletea mapipa ya maji ya bomba kwa lori kila alipopita. Carmen aliwapa mbegu ya namba nne iliyovunwa fungu la juu. Haikuwa nyingi. Familia nyingine zilibaki na bustani na maji ya kijitoni. Kuchota maji mbali ni kazi, na ya Kansonga yalionekana safi siku nyingi.

Mwezi wa tano uliofuata matrekta mawili yalishuka bondeni. Kampuni ilikuwa imempata mtu wa kuweka sahihi. Hekta arobaini zikapandwa namba tatu. Kutoka barabarani, mwezi wa sita, bonde lote lilikuwa la kijani kile kizito, na watu wa mjini walisimamisha pikipiki kulipiga picha. Carmen alilipita kila alipokwenda kwa Chiku. Katika daftari aliandika tarehe tu, bila neno jingine.

Katikati ya mwezi wa saba, saa nane mchana, Franck alipiga simu. Walikuwa hawajaongea tangu siku ile ya ripoti. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu aliyejificha kwenye chumba chenye watu.

"Maman, namba tatu inageuka."

"Inageuka namna gani?"

"Majani. Njano. Kutoka kando. Ilianza karibu na mto, sasa imefika katikati."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili, Franck!"

"Bananiambia ni mbolea. Nilitaka kuamini." Alishusha sauti zaidi. "Maman, kama hata hii imeanza kushindwa, maana yake ni nini?"

Carmen alijua maana yake, na Franck pia alijua, ndiyo sababu alipiga simu. Kile kilichokuwa kikishuka kutoka nyuma ya ule uzio wa mabati kilikuwa kimeongezeka, sasa hata mmea ulioweza kukinywa haukiwezi.

"Wafanyakazi wanakunywa mayi gani?"

"Tunabaletea."

"Bote?"

"Si bote."

"Utoe bantu ndani ya lile shamba leo. Si kesho. Useme ni dawa ya wadudu, useme chochote. Utoe bantu."

Alikata simu bila kuaga, akavaa viatu, akapita dukani kwa Idriss. Idriss alikuwa anapima mafuta ya taa. Alipomwona usoni aliacha chupa nusu. Walijaza mapipa manne kwenye bomba la nyuma ya duka na kushuka na lori, honi ikilia njia nzima.

Chiku aliwaona kutoka bustani yake mpya ya juu, akaja mbio na leso mkononi. Carmen alimweleza kwa maneno machache, na Chiku akageuka kuelekea nyumba zile za kijitoni, za familia zilizobaki na maji ya Kansonga. Walianza na ya kwanza. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti jikoni, sufuria iko motoni, maji yanachemka kwa ajili ya bukari. Alikuwa mke wa yule mwanaume wa trekta.

"Haya mayi ni ya wapi?" Carmen aliuliza.

"Ya Kansonga. Lakini ninaichemsha, mama. Ninaichemsha muzuri."

"Kuchemsha hakuitoi." Carmen alifunga kitenge mkononi, akashika masikio ya sufuria. "Uniwie radhi, mudogo wangu." Akaitoa motoni, akaimwaga nje, mbali na kuku.

Mwanamke hakumzuia. Alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mtoto wake wa pili, wa miaka mitatu, aliyekuwa ameegemea ukuta wa udongo, kimya, hachezi. "Iko vile tangu juzi," alisema. "Nilizania ni baridi."

Carmen alichuchumaa mbele ya mtoto. Kwa kidole gumba akamvuta kope ya chini, taratibu, kuelekea kwenye mwanga. Weupe wa jicho ulikuwa wa njano.

"Idriss!" aliita bila kugeuka. "Geuza lori. Twende hospitali."